Kazi haijaisha mpaka pakauke: usafi wa nyumba ya kupanga Dar es Salaam

Mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea, nyumba ya Dar es Salaam hupimwa kwa pua kabla ya macho. Sakafu inaweza kuwa inang'aa, lakini ukifungua kabati la nguo unapokewa na harufu ya ukungu, tambara la jikoni limevunda, na usiku taa ikiwashwa mende wanatawanyika kila upande. Mara nyingi anayeishi humo si mvivu hata kidogo. Anadeki asubuhi na jioni. Kosa lake ni kwamba anasafisha kwa maji, kisha anayaacha maji yajikaukie.

Pwani maji hayajikaukii kirahisi. Hewa yenyewe imeshashiba unyevu, kwa hiyo kitambaa kilichokunjwa kibichi, sufuria iliyopangwa ikiwa inachuruzika au ukuta ulio nyuma ya kabati hubaki na unyevu siku nzima. Ukungu unaota hapo hapo, na mende wanapata pa kunywa, maana mdudu huyu huvumilia njaa muda mrefu kuliko kiu. Ndiyo maana katika kila hatua hapa chini kukausha kumehesabiwa kuwa sehemu ya kazi.

Hesabu zimepangwa kwa chumba na sebule au nyumba ndogo ya kupanga: jiko la gesi, friji moja, na maji yanayotoka kwa zamu na kuwekwa kwenye pipa au tangi.

Vifaa

Huhitaji vingi. Ufagio laini wa ndani, ufagio wa chelewa wa uani, kizoleo, dekio, ndoo mbili, kivuta maji cha mpira, brashi ya choo, brashi ngumu ya mkononi na mswaki wa zamani wa kuingia kwenye pembe. Ongeza vitambaa sita vilivyokatwa kutoka kwenye fulana za pamba zilizochakaa: viwili vya jikoni, viwili vya vumbi, viwili vya chooni. Vya chooni viwe vya rangi tofauti kabisa ili hata mgeni anayekusaidia asikosee. Jezi na nguo nyingine za nailoni hazifai. Zinasukuma maji badala ya kuyanyonya.

Kwa dawa, sabuni ya maji, sabuni ya unga, klorini isiyo na manukato, na siki au ndimu zinatosha. Chupa nyingine nyingi zinazopangwa juu ya sinki ni rangi na harufu tu.

Klorini na vipimo vyake

Klorini ndiyo dawa inayotumiwa vibaya kuliko zote. Watu huimimina kwa macho, mara nyingi mno, mara kidogo mno, tena juu ya uchafu. Soma kwanza asilimia iliyoandikwa kwenye chupa. Za madukani nyingi huwa kati ya 3 na 5. Vipimo hivi ni vya chupa ya asilimia 3.5:

- Meza, vitasa vya milango, sinki na sakafu ya choo: vijiko viwili vya chakula kwa lita 1 ya maji.
- Mahali palipotapikwa au palipochafuliwa na kinyesi cha mgonjwa wa kuhara: kikombe kimoja cha klorini kwa vikombe sita vya maji.
- Ubao wa kukatia nyama, baada ya kuoshwa kwa sabuni: kijiko kimoja cha chakula kwa lita 3 za maji. Acha dakika chache, suuza, simamisha ukauke.

Osha kwa sabuni na kusuuza kabla ya kuweka klorini, kwa sababu uchafu huimaliza nguvu kabla haijafika kwenye vijidudu. Ikishapakwa, iache dakika 10. Ukipaka na kufuta hapo hapo umepoteza dawa. Tumia maji ya kawaida, kwani ya moto huivunja. Changanya ya kutosha siku hiyo tu, kwa kuwa iliyokwisha kuchanganywa haifai kutegemewa baada ya saa 24.

Sasa onyo ambalo halina mjadala. Usichanganye klorini na siki, ndimu, wala dawa ya choo yenye asidi. Hutoka gesi ya klorini inayochoma macho na mapafu, na chooni hakuna pa kuikimbia. Usiichanganye pia na dawa yenye amonia. Choo kilichokaa na mkojo mwingi kimwagie maji kwanza ndipo uweke klorini. Ukishasikia kifua kinabana, toka nje, acha mlango wazi, usirudi kumalizia.

Panga kabla ya kufagia

Kufagia kukiwa na vitu sakafuni ni kuhamisha vumbi. Anza kwa kuinua. Magunia, ndoo za akiba, viatu na mabegi viwe juu ya kitu: chanja ya mbao, rafu, au hata matofali mawili na ubao juu yake. Lengo ni ufagio upite chini na hewa izunguke. Kabati na kitanda vivute kutoka ukutani kiasi cha upana wa kiganja. Katika nyumba ndogo watu hubana fanicha ukutani ili kupata nafasi, halafu masika yakija mgongo wa kabati unaota ukungu wa kijani.

Maboksi ya karatasi yasikae ndani. Kuta zake zina vijia ambamo mende hulala, na gundi yake ni chakula chao. Mende wengi wa nyumba mpya hawakuingia kwa mlango kwa miguu yao. Walibebwa ndani ya boksi la vyombo au la bidhaa za dukani. Fungulia boksi nje, kung'uta kilichomo, boksi liondoke siku hiyo hiyo. Vitu vya kuhifadhi hamishia kwenye ndoo au makontena ya plastiki yenye mifuniko.

Vyombo vipange kwa matumizi. Vya kila siku viwe kati ya kiuno na macho, vya wageni juu kabisa, vizito chini. Sufuria kubwa ya pilau inayotoka mara mbili kwa mwaka haina sababu ya kuwa mbele ya kikaango cha kila asubuhi.

Kudeki

1. Zima feni, pangusa vumbi kuanzia juu: mapanga ya feni, juu ya kabati, nyavu za madirisha, halafu meza. Kitambaa kiwe na unyevu kidogo tu. Kikavu kinapeperusha vumbi, lililobaki utalikuta sakafuni.
2. Fagia kuanzia kona ya mbali kuelekea mlangoni. Zoa palepale, usisukumie uchafu kibarazani.
3. Ndoo ya kwanza weka lita 10 za maji na kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya unga. Ndoo ya pili weka maji matupu ya kusuuzia dekio.
4. Chovya kwenye sabuni, kamua, piga deki eneo la kama hatua mbili kwa mbili, suuza dekio kwenye ndoo ya pili, kamua, rudi kwenye sabuni. Maji ya ndoo ya pili yakiwa kama chai, badilisha.
5. Pita mara ya mwisho kwa maji matupu, dekio likiwa limekamuliwa sana.
6. Fungua madirisha, washa feni dakika 10, asikanyage mtu.

Sakafu ikikauka lakini miguu ikawa inanata, sabuni ilizidi. Utando wake unashika vumbi, na jioni sakafu inaonekana chafu kuliko ilivyokuwa asubuhi; mtu anaongeza sabuni kesho yake, na mambo yanazidi kuharibika. Deki siku mbili kwa maji matupu, utando utaisha.

Wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi wana tatizo la ziada. Chumvi ikibaki kwenye vigae huvuta unyevu wa hewani, hivyo sakafu inakuwa kama ina jasho, na juu yake kuna ukungu mweupe wa chumvi. Deki kwa maji ya chumvi ukitaka, lakini mpito wa mwisho uwe wa maji baridi, yale yasiyo na chumvi. Lita 3 zinatosha vyumba viwili. Sabuni nayo huwa haitoi povu kwenye maji magumu, ikaacha utando wa kijivu, kwa hiyo usidanganyike kwamba sabuni ni mbovu ukamimina nusu pakiti.

Dekio lenyewe huoshwa likimaliza kazi, likakamuliwa na kuanikwa juani kichwa kikiwa juu. Likisimamishwa ndani ya ndoo yenye maji, kesho utapaka nyumba nzima harufu mbaya.

Jikoni

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo penye faida. Jiko likidhibitiwa, nusu ya matatizo ya nyumba yamekwisha.

Dakika 15 za usiku zina thamani kuliko Jumamosi nzima ya kusugua, maana mende hutoka wakishazima watu taa. Vyombo vyote vioshwe kabla ya kulala. Kama maji hayatoki, kwangua mabaki yote, loweka vyombo ndani ya beseni la maji ya sabuni na ulifunike. Futa meza na eneo la gesi, hasa chini ya jiko ambako mafuta na punje za wali hujificha. Takataka zitoke nje au zifungwe kwenye ndoo yenye mfuniko. Kisha hatua ambayo karibu kila mtu huiruka: kausha sinki kwa kitambaa, kaza bomba linalodondosha, anika kitambaa na dodoki mahali pa wazi. Sinki kavu usiku ni kisima kilichofungwa kwa mende.

Dodoki la asili au sponji lichemshe dakika 5 kila wiki na ulitupe likianza kulegea na kutoa harufu. Vyombo visipangwe kabatini vikiwa na maji. Viache kwenye kichanja mpaka vikauke, kichanja kikiwa pahali pa jua na upepo. Mababu waliojenga kichanja nje ya jiko walijua wanachofanya.

Mende

Tambua kwanza unapigana na yupi. Mende mdogo wa kahawia hafifu, mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, anaishi na kuzaliana ndani: kwenye bawaba za kabati, nyuma ya friji karibu na mota ambako pana joto, ndani ya saa ya ukutani, hata ndani ya redio. Jike hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40 na hukiachia yakiwa karibu kuanguliwa. Mende mkubwa mwekundu anatoka kwenye chemba na mabomba ya maji machafu. Yeye ni mgeni wa usiku.

Kwa mdogo, dawa ya kupuliza huua wanaoonekana na kuwasambaza waliobaki wakahamia chumbani. Fanya hivi:

1. Toa kila kitu kabatini, osha kwa maji ya sabuni, kausha kabisa.
2. Weka jeli ya mende, matone yenye ukubwa wa punje ya mchele, karibu na bawaba, pembe za ndani, chini ya sinki na nyuma ya friji. Matone mengi madogo ni bora kuliko mafungu machache makubwa.
3. Usipulize dawa wala kupaka klorini karibu na jeli. Harufu itawafukuza wasile.
4. Kagua baada ya siku tatu, ongeza palipoliwa.
5. Rudia baada ya wiki mbili, kisha wiki mbili tena, kwa ajili ya watakaoanguliwa baadaye.

Wengi hushindwa hatua ya tano. Wakiona mende wamepungua wanaacha, na mwezi unaofuata wanailaumu jeli.

Kwa mende mkubwa, weka wavu mgumu kwenye matundu ya maji sakafuni na hakikisha mifuniko ya chemba haina ufa. Tundu la sakafuni lisilotumika lina kona iliyojipinda ambayo inatakiwa kuwa na maji. Yale maji ndiyo kizuizi cha harufu na mende. Bafu la wageni lisilotumika hukauka kona hiyo, na watu wanaanza kumtafuta panya aliyekufa. Mimina lita moja ya maji kila wiki. Hapo tu, katika mwongozo huu wote, ndipo maji yanaruhusiwa kubaki.

Dawa inayouzwa kwa kupimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, bila lebo, usiiingize ndani. Hujui ni nini, na mtoto ataijua kama chupa ya maji.

Unga na mchele

Fukusi mara nyingi hawaingii nyumbani kwako. Mayai yao yamo ndani ya punje tangu ghalani. Gunia la mchele likikaa miezi miwili kwenye joto la jikoni, wanatoka. Nunua kiasi cha kumalizwa ndani ya mwezi mmoja. Ukiwa na friza, weka mchele, unga au maharage siku 4 kwenye baridi kali, mayai yatakufa. Ukitoa, usifungue mfuko palepale. Uache upate joto la chumba kwanza, la sivyo mvuke wa hewa utageuka maji kwenye mchele na badala ya fukusi utapata kuvu.

Kuanika juani kunawafukuza fukusi wakubwa, lakini mchele ukiachwa kwenye jua kali la saa saba mchana punje hupasuka, na ukipikwa wali unakuwa chenga. Anika asubuhi au chini ya kivuli chenye upepo, tandaza wembamba, pepeta, rudisha kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana. Mpya usimwagwe juu ya wa zamani. Ndoo ikiisha ioshe na uikaushe juani kwanza, kwa sababu vumbi la unga lililobaki kwenye ukingo wa mfuniko linatosha kuanzisha ukoo mwingine wa wadudu.

Sufuria, gesi na friji

Sufuria ya alumini iliyoshika ukoko wa ugali loweka kwa maji baridi. Ya moto huupika zaidi. Iliyoungua, chemsha maji na kijiko cha sabuni ya maji dakika 10, kisha sugua. Majivu laini ni kisugulio kizuri, lakini usiyaloweke humo usiku kucha wala usitumie magadi, kwani alumini hugeuka nyeusi kwa ndani. Ikishakuwa nyeusi, chemsha maji yenye vipande vya ndimu dakika 15, weupe utarudi. Ukipika kwa mkaa au kuni, paka sabuni ya mche nje ya sufuria kabla ya kuinjika; masizi yatatoka na maji tu.

Gesi ikiwaka kwa moto wa njano na kuchafua vyombo kwa masizi, mara nyingi matundu yameziba. Funga vali ya mtungi, subiri vipoe, toa vichwa vya moto, loweka kwa maji moto ya sabuni dakika 20, zibua matundu kwa sindano, suuza, kausha kwa kitambaa na kisha juani. Ukirudisha vikiwa na maji ndani, moto utarukaruka na kuwa wa njano vilevile, na utadhani umevunja kitu. Uvujaji wa gesi hupimwa kwa povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na regulata. Povu likivimba, funga vali, fungua madirisha, usiwashe hata swichi ya taa.

Friji yenye barafu izimwe barafu ikifika unene wa kidole. Usiichokoe kwa kisu. Chini ya plastiki ile kuna bomba jembamba la gesi, na tundu moja humaliza friji. Weka sufuria ya maji moto ndani, funga, subiri. Mpira wa mlango usugue kwa mswaki na maji ya sabuni, kisha ujaribu kwa karatasi: funga mlango ukiibana, ikivutika bila kukaza, mpira umelegea na unyevu unaingia. Nyuma ya friji nyingi kuna sinia dogo linalopokea maji yanayotiririka. Watu hukaa na friji miaka mitano bila kulijua. Mende na mbu wanalijua.

Umeme ukikatika, usiifungue friji. Sehemu ya kawaida hulinda chakula saa 4 hivi. Friza iliyojaa, saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24.

Pipa na tangi la maji

Dar es Salaam ilipigwa na homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu anayeieneza, Aedes, si wa kwenye madimbwi ya mbali. Anapenda maji yaliyotulia ya nyumbani: pipa, ndoo, sahani ya chungu cha maua, tairi la uani. Hutaga juu kidogo ya usawa wa maji, kwenye ukuta wa chombo, na mayai hayo hudumu miezi yakiwa makavu, yakisubiri maji yapande. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Ni lazima ukuta usuguliwe kwa brashi ngumu kila wiki, maana kutoka yai hadi mbu ni siku 7 hadi 10 kwenye joto letu.

Pipa liwe na mfuniko unaobana au kitambaa kizito kilichofungwa kwa mpira wa kuvuta mdomoni. Chota kwa kata yenye mpini mrefu. Mkono ukiingia, kila kilichokuwa mkononi kinaingia nao.

Tangi la lita 1,000 lioshwe kila baada ya miezi sita:

1. Subiri maji yakaribie kuisha, funga maji yanayoingia, toa tope kupitia tundu la chini.
2. Sugua kuta kwa brashi yenye mpini mrefu. Asiingie mtu ndani ya tangi peke yake, na kamwe asiingie kukiwa na klorini.
3. Suuza mara mbili.
4. Jaza maji, weka lita moja na nusu ya klorini ya asilimia 3.5 isiyo na manukato. Fungua kila bomba la nyumba mpaka harufu ya klorini isikike, kisha funga.
5. Acha saa 12. Wajulishe wenzako mnaotumia tangi moja kwamba maji hayo si ya kunywa wala kupikia.
6. Yatumie kwa choo na kudekia uani, kisha suuza na ujaze upya.

Kwa dumu la lita 20, vijiko viwili vya chakula vinatosha kwa kazi hiyo hiyo. Pipa la lita 100 linataka mililita 150.

Choo na bafu

Mimina dawa ya choo chini ya ukingo, acha dakika 15, sugua, suuza kwa ndoo nzima. Dawa zenye asidi ni nzuri kwa chumvi na kutu ya njano ndani ya bakuli, lakini zikimwagikia sakafu ya saruji au teraso huila ikawa na vishimo, na bomba linalong'aa linapauka. Siku ya asidi isiwe siku ya klorini.

Utando mweupe kwenye bomba na kichwa cha bafu ni chumvi. Funga kitambaa kilicholowa siki kwa dakika 30, sugua kwa mswaki, suuza. Mwishoni vuta maji yote ya sakafu kwa kivuta maji, acha mlango na dirisha wazi. Sekunde 30 za kuvuta maji baada ya kila kuoga zinakuondolea ule weusi wa kati ya vigae ambao baadaye utaugombania saa nzima kwa brashi.

Chumbani

Nguo ipangwe ikiwa kavu kabisa, na iliyopigwa pasi iachwe ipoe kwanza ndipo ikunjwe. Kabati lisijae, ukishindwa kupitisha kiganja kati ya nguo, hewa nayo imeshindwa. Mara moja kwa wiki acha milango yake wazi asubuhi nzima, feni ikiwaka. Ukungu wa ukutani futa kwa klorini ya vijiko viwili kwa lita, acha dakika 10, suuza, kausha. Wa kwenye mbao futa kwa siki na kitambaa kikavu, kwa sababu klorini huacha maji ndani ya mbao. Ukungu ukirudi mahali pale pale kila mwezi, tafuta bomba linalovuja ukutani au bati lililotoboka, na umwite mwenye nyumba. Hapo kufuta hakusaidii.

Vidonge vyeupe vya naftalini kwa nguo za watoto wachanga achana navyo. Mvuke wake unaweza kuvunja chembe za damu za mtoto mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), hali iliyo ya kawaida katika maeneo yenye malaria. Karafuu ndani ya kijifuko cha kitambaa hutoa harufu nzuri, ila usitegemee zaidi ya harufu.

Godoro litolewe juani kila mwezi, saa mbili kila upande, na mishono yake ikaguliwe kwa tochi. Vidoa vidogo vyeusi kama nukta za wino ni dalili ya kunguni.

Chandarua chenye dawa kioshwe pale tu kinapochafuka, kisizidi mara moja kwa miezi mitatu. Tumia sabuni ya mche na maji baridi ndani ya beseni, bila klorini wala sabuni kali ya unga, usikisugue. Kimetengenezwa kuhimili kufuliwa mara 20 hivi. Na hiki ndicho kitu pekee ndani ya nyumba kisichoanikwa juani: jua huvunja dawa yake, kwa hiyo kitundike kivulini, penye upepo, mpaka kikauke.